Mgonjwa wa Mikumi si teja!



Kuna neno limeanza kutumika vibaya kwenye madirisha ya dawa na kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, na leo nalikataa hadharani. Neno lenyewe ni "teja". Dar es Salaam kila mtu anajua teja ni nani, yule kijana wa unga anayesinzia kituoni akiwa amesimama, magoti yamepinda lakini haanguki. Sasa neno hilohilo anatupiwa mkata miwa aliyeharibika kiuno. Anatupiwa mama aliyekatwa mguu baada ya basi kupinduka. Anatupiwa binti mwenye siko seli ambaye siku alizolala wodini ni nyingi kuliko alizokaa darasani. Kosa lao wote ni moja tu: wametumia dawa kali ya maumivu kwa muda mrefu, na bado wanaumwa.

Eti ukiumwa miezi mitatu wewe ni mgonjwa, ukiumwa miaka mitatu wewe ni mshukiwa. Hesabu hii imetoka wapi jamani?

Nimekuwa nikipitapita wilaya ya Kilosa, mjini Kilosa kwenyewe na huku Mikumi, na kila nilipokaa na watu na kuuliza habari za afya nilitegemea kusikia malaria, maji na mimba za utotoni, yaani zile habari ambazo wahariri wetu wanazipenda. Nikasikia maumivu. Maumivu ya mgongo, ya goti, ya kisigino, ya mguu ambao haupo tena. Kwa hiyo naomba mnivumilie, leo habari ni ndefu kidogo.

Asiyeifahamu wilaya hii nimweleze. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 438,175, na Gairo walikuwa wamekwishakatwa wakawa wilaya yao. Ina majimbo mawili ya ubunge, Kilosa na Mikumi. Na katika njia ya kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kuna mahali panaitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Huhitaji pasi ya kusafiria wala ndege. Ukimwambia mtu wa huku kwamba tiba nzuri ya maumivu ipo Ulaya, atakuuliza Ulaya ipi, maana ya kwao anaijua na hajaiona hiyo tiba.

Sasa tazama kazi za watu wa huku. Upande wa Ruhembe ni miwa. Upande wa Kimamba na Rudewa ni mkonge tangu enzi za Wajerumani na Waingereza. Aliyewahi kukata miwa kwa panga kutwa nzima anajua mgongo unavyodai malipo yake usiku. Halafu kuna barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, inayokatisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi, bodaboda, na nyati anayeamua kuvuka saa mbili usiku. Tunaandika habari za waliokufa. "Watu kadhaa wafariki Mikumi", basi, kesho gazeti linafungia maandazi. Waliobaki na chuma ndani ya paja hatuwaandiki. Hata yale mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, wakulima na wafugaji, tunakumbuka kwamba waliuawa watu 38. Waliobaki na makovu ya mapanga na mikuki nao walizeeka na makovu yao, lakini hao hawamo kwenye kumbukumbu zetu.

Tuje kwenye dawa.

Kuna jamii ya dawa zinazotokana na afyuni au zilizotengenezwa maabara kwa kuiga kazi ya afyuni. Morfini imo, pethidini imo, kodeini imo, methadoni imo, na heroini, yaani unga wenyewe, ni ndugu yao wa damu. Tramadoli nayo imo, ingawa yenyewe ni dhaifu kuliko morfini na ina kazi nyingine ya ziada kwenye ubongo. Huku vijijini morfini ni hadithi. Inayojulikana ni tramadoli, vile vidonge vya rangi mbili vya miligramu 50. Kisheria ni dawa ya cheti cha daktari. Kimtaani, mnajua wenyewe.

Nimezungumza na kaka mmoja Mikumi, zamani utingo wa lori. Alivunjika paja ajalini, akafanyiwa upasuaji mjini, akawekewa chuma, akarudishwa nyumbani na vidonge viwili kwa siku, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Hakuna aliyemwambia aache lini. Hakuna aliyempa mazoezi ya viungo. Cheti kiliandikwa, kikaandikwa tena, kikachakaa, mwishowe akawa ananunua bila cheti. Viwili vikawa vinne, vinne vikawa vinane. Miaka mitatu.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi sitafuti stimu. Natafuta kulala."

Akaona hali si nzuri, akaenda mwenyewe hospitali (siitaji, na wala haimo katika wilaya hii) kuomba asaidiwe. Hebu fikiria, mtu kajipeleka! Daktari akaangalia cheti, akasema dawa hii sasa ina uangalizi mkali, hatuandiki tena, kanywe Panadol. Alipomwomba muuguzi dirishani ampe japo ya siku mbili, akajibiwa mbele ya foleni nzima: "Kaka, sisi hapa hatuhudumii mateja."

Akarudi nyumbani bila kitu. Siku ya pili alianza kupiga miayo, jasho likamtoka kama ana malaria, nywele za mikono zikasimama kama kuku aliyenyonyolewa, tumbo likaharisha, na mguu ukamuuma mara mbili ya zamani. Vijana wa mjini wanaiita hali hiyo arosto. Siku ya nne akamtafuta mtu anayeuza vidonge visivyo na jina wala tarehe. Leo bado anavimeza. Sasa niambieni, hospitali ile imezuia nini? Imemtoa mgonjwa mikononi mwa daktari na kumkabidhi kwa mchuuzi.

Hapa ndipo napotaka tuelewane vizuri, kwa sababu ubishi wote umejengwa juu ya kuchanganya mambo mawili. Mwili kuizoea dawa ni jambo moja. Uraibu ni jambo jingine. Yeyote anayemeza dawa za jamii ya afyuni kila siku kwa wiki kadhaa, awe askofu, sheikh au mkuu wa wilaya, mwili wake utazizoea, na akiziacha ghafla atapata arosto. Ni kazi ya mwili, haina uhusiano na tabia. Mgonjwa wa pumu aliyetumia prednisoloni kwa miezi mingi naye haruhusiwi kuiacha ghafla, anaweza hata kufa, na sijawahi kusikia muuguzi anamwita teja. Uraibu ni pale mtu anapoitafuta dawa ingawa inamharibia, anauza sufuria za mama yake, anadanganya, hana uwezo wa kujizuia hata akitaka. Wapo wagonjwa wa maumivu waliofika huko. Hao nao wanahitaji matibabu, tena zaidi. Lakini huwezi kujua nani yuko wapi kama hujakaa naye chini ukamsikiliza kwa nusu saa, na dirisha la dawa halina nusu saa.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo hata baadhi ya wahudumu hawalijui. Dawa hizi zikitumika muda mrefu, mwili unazijengea usugu, dozi ya jana haitoshi leo. Na kwa baadhi ya watu hutokea kioja kabisa: dawa yenyewe inaifanya mishipa ya fahamu iwe mikali zaidi, mtu anasikia maumivu makubwa kuliko kabla hajaanza dawa. Kwa hiyo mgonjwa anaongeza dozi kwa sababu anaumwa, na anaumwa kwa sababu kaongeza dozi. Ukimwangalia kwa nje utadhani ni mlafi wa vidonge. Kumbe amenasa, na kutoka peke yake hawezi.

Mtaalamu wa kweli afanye nini basi? Sisemi aendelee kumwagia vidonge. Hapana! Hili naomba nisinukuliwe vibaya. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wanajeshi wastaafu 240 kwa miezi 12, wenye maumivu sugu ya mgongo, goti na nyonga. Nusu walipewa dawa za jamii ya afyuni, nusu dawa za kawaida. Mwisho wa mwaka wale wa afyuni hawakuwa wanatembea wala kufanya kazi vizuri kuliko wenzao, na madhara ya dawa ndiyo yaliyowazidi. Kwa hiyo daktari anayemwandikia kila mkata miwa tramadoli kwa ajili ya mgongo, mwaka baada ya mwaka, naye ana kesi ya kujibu. Yeye ndiye anayemtumbukiza mtu shimoni, halafu mwenzake wa zamu ya pili anakuja kuvuta ngazi.

Kosa la kuvuta ngazi Wamarekani wamelifanya kabla yetu na limewagharimu. Kwanza kampuni za dawa ziliwadanganya madaktari. OxyContin ya kampuni ya Purdue iliingia sokoni mwaka 1996 ikitangazwa kama dawa isiyo na hatari kubwa ya uraibu, na kampuni hiyo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007 na tena mwaka 2020. Watu wakafa kwa maelfu. Mwaka 2016 ukatoka mwongozo wa kuwabana madaktari, na wao kwa woga wakaanza kuwakatia dawa ghafla wagonjwa waliozitumia miaka kumi. Wengine wakaenda kwenye heroini. Wengine wakajiua. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikalazimika kutoa onyo rasmi: msiwakatie ghafla. Mwaka 2022 mwongozo wenyewe ukaandikwa upya. Kwa aliyetumia dawa zaidi ya mwaka, ushauri ni kushusha kiasi cha asilimia 10 kwa mwezi au hata polepole zaidi, kwa makubaliano na mgonjwa, na akilemewa mnasimama hapo mlipofika mpaka apate nguvu.

Tuipeleke hesabu hiyo Mikumi. Kaka yetu anameza vidonge 8 kwa siku, yaani miligramu 400, ambayo ndiyo mwisho wa kiwango kinachoruhusiwa kwa mtu mzima, juu ya hapo hatari ya kupata degedege inapanda. Apunguze kidonge kimoja kwa siku, akae hapo mwezi mzima. Mwezi unaofuata kimoja tena. Akifika viwili vya mwisho mwendo upungue zaidi, maana kutoka viwili kwenda kimoja ni nusu nzima. Hiyo ni kazi ya miezi minane, labda mwaka. Haihitaji mashine wala mzungu. Inahitaji daftari, mtu mmoja wa kumwona mgonjwa kila mwezi, na vidonge halali vinavyopungua kwa hesabu.

Wakati huohuo uyatibu maumivu yenyewe, maana ukimshusha dozi bila kumpa kitu kingine umemwonea. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma kama pilipili au ya mguu uliokatwa, yana dawa ya zamani sana na ya bei ndogo inayoitwa amitriptilini. Inatolewa kwa dozi ndogo usiku, na inasaidia hata usingizi. (Msomaji, usikimbilie kuinunua ukaichanganya na tramadoli nyumbani. Zikikutana zinaweza kuleta degedege na mambo mengine mabaya. Ni kazi ya daktari hiyo.) Ipo gabapentini. Yapo mazoezi ya viungo, na hapa ndipo naona uchungu hasa, kwa sababu Moshi tuna chuo cha mazoezi ya tiba KCMC, tuna TATCOT inayofundisha utengenezaji wa miguu ya bandia tangu mwaka 1981, yaani ujuzi tunao ndani ya nchi hii. Mtu aliyekatwa mguu akiwa na mguu wa bandia unaomkaa vizuri, anaumwa kidogo. Anayetembelea fimbo ya mwembe, mgongo unamfuata mguu.

Badala ya hayo, mgonjwa anafanya nini? Anachomwa sindano za diklofenaki, au anameza vidonge vyake kama karanga. Dawa hiyo haina arosto, ni kweli. Lakini itumie kila siku kwa miaka na tumbo litatoka vidonda, figo zitachoka. Hakuna atakayekuita teja ukiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Utaitwa marehemu mtarajiwa, tena kwa heshima zote.

Nimtaje na yule binti wa siko seli, maana amekaa kichwani mwangu. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, makadirio yaliyozoeleka ni watoto 11,000 kila mwaka. Maumivu yake yanapopanda, damu inakwama kwenye mifupa, na waliowahi kuyapata wanasema kuzaa ni afadhali. Mtoto huyo anachomwa pethidini tangu akiwa darasa la pili. Pethidini ikirudiwarudiwa huacha mabaki mwilini yanayoleta degedege, ndiyo maana wataalamu wa maumivu hawaipendi kwa kazi hiyo. Akifika miaka 20 anajua jina la dawa, anajua dozi, anajua mshipa upi unapatikana. Kwa mgonjwa wa kisukari tungesema huyu ana elimu ya ugonjwa wake. Kwa binti huyu wanasema, "Huyu ameshazoea, anaigiza." Anaachwa alie mpaka asubuhi ili ithibitike kwamba haigizi. Jamani!

Na yule teja wa kweli, kijana wa unga, je? Huyo mnadhani haumwi? Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na baadaye mikoa mingine. Ni moja ya mambo mazuri tuliyofanya kama nchi na sipendi tulisahau. Lakini kijana aliye kwenye methadoni akivunjika mguu, wodini wanamwambia wewe tayari unakunywa dawa kali, hutaongezewa kitu. Hilo ni kosa la kitaalamu. Methadoni ya mara moja kwa siku inazuia arosto kwa saa 24 na zaidi, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu haizidi saa 6 hadi 8. Baada ya hapo mfupa uliovunjika unamuuma kama unavyomuuma mwingine yeyote, tena zaidi kwa sababu ya usugu. Aendelee na methadoni yake na apewe dawa ya maumivu juu yake, chini ya uangalizi. Hata teja ana mfupa.

Sasa nasikia sauti ya mkubwa mmoja ikisema, "Wewe mwandishi unatetea dawa za kulevya. Huoni yaliyowapata Afrika Magharibi?" Nayaona, mheshimiwa. Najua tramadoli ya magendo ilivyowaharibu vijana Nigeria na Ghana, na najua Nigeria mwaka 2018 ilipiga marufuku dawa ya kikohozi yenye kodeini. Vidonge vya magendo vikamatwe, vichomwe, muuzaji afungwe. Sina ugomvi na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ugomvi wangu ni na mtu anayesoma nusu ya sheria. Sheria yetu ya mwaka 2015 inakataza biashara haramu, na hiyohiyo inaacha njia ya matumizi ya kitabibu. Mkataba mama wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaanza kwa kutamka kwamba matumizi ya dawa hizi hospitalini kwa kuondoa maumivu hayana mbadala na lazima serikali zihakikishe zinapatikana. Nusu ya kukamata tumeifanya kwa bidii. Nusu ya kuhakikisha zinapatikana nani anaifanya?

Na sisi waandishi tumechangia, niseme tu. Habari ya dawa hizi kwetu ni picha moja: kamishna amesimama nyuma ya meza yenye vifurushi, kipaza sauti mbele, idadi ya kilo kwenye kichwa cha habari. Ni habari rahisi, gari la kwenda na kurudi linatolewa. Mgonjwa aliyelala Kimamba anaugulia saratani bila tone la morfini hana msemaji wala gari.

Tena tunaogopa wingi wa dawa ambazo hatuna! Mwaka 2017 jopo la jarida la Lancet lilitoa hesabu ya dunia. Kila mwaka ziligawanywa takriban tani 298.5 za dawa za jamii hii zikipimwa kwa kipimo cha morfini. Nchi maskini kabisa zote kwa pamoja zilipata tani 0.1. Umesoma vizuri, nukta moja. Marekani wanakufa kwa kuzidi, sisi tunakufa kwa kukosa, na tumeazima woga wao bila kuazima dawa zao. Ni kama mtu wa Kilosa anayekataa kuchimba kisima kwa sababu amesikia Mkondoa ilifurika.

Wenzetu Waganda hawakusubiri. Mama mmoja daktari, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa morfini ya unga inayochanganywa na maji, dawa ya kunywa, ya bei ya chini kabisa. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini, kwa sababu waliona ukweli ulio wazi: kijijini hakuna daktari. Na mgonjwa haitozwi kitu. Uganda haikugeuka nchi ya mateja. Hata sisi mbegu tunayo. Ocean Road wanatoa morfini, Selian kule Arusha na Muheza kule Tanga wana huduma za tiba shufaa zenye umri wa zaidi ya miaka 20. Wanaojua kazi hii wapo. Ila chora ramani uone ni kilomita ngapi kutoka Ulaya ya Kilosa mpaka Ocean Road, halafu mwambie mtu mwenye saratani ya mifupa apande basi.

Naambiwa na daktari mmoja kijana kwamba tatizo ni woga wa makaratasi. Dawa yenye uangalizi ina kabati la kufuli mbili, ina daftari lake, na kidonge kimoja kikipotea anayeitwa kujieleza ni yeye. Asipoiagiza kabisa hakuna anayemuuliza. Nimemwelewa. Mtumishi anaadhibiwa kwa kidonge kilichopotea na haadhibiwi kwa mgonjwa aliyelia mpaka asubuhi. Ukiweka vivutio vya namna hiyo usishangae matokeo. Mkaguzi akifika wilayani aulize maswali mawili: dawa yako iko salama? Na wangapi wameipata? Asiyempa mtu yeyote kwa mwaka mzima, naye ajieleze.

Sasa mimi nataka nini? Sitaki semina. Morogoro tumeshaona semina za kutosha, watu wanakula kuku, wanasaini posho, wanaondoka na begi lenye maandishi. Nataka wilaya hii iwe na watu wawili, mmoja Kilosa mjini na mmoja Mikumi, matabibu au wauguzi, waliofundishwa kazi ya maumivu na kazi ya kushusha dozi. Wawe na siku yao katika wiki, inayojulikana, kama ilivyo kliniki ya kisukari. Mgonjwa aliyezoea dawa akija apokelewe, aandikwe, apewe dozi yake halali ya mwezi, ipunguzwe kwa mpango. Amitriptilini iwepo. Mtu wa mazoezi ya viungo aje kutoka Morogoro japo mara mbili kwa mwezi. Na Wizara ya Afya ituambie kuna ugumu gani kufanya waliyofanya Waganda mwaka 2004.

Kilosa na Mikumi hazijawahi kupungukiwa na watu wa kusema. Mwaka 2015 watu wa Mikumi walimchagua Profesa Jay wa bongo fleva awe mbunge wao, na mwaka 2020 watu wa Kilosa wakamchagua Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria hasa. Wilaya ya maprofesa wawili, mmoja wa mistari na mmoja wa vifungu! Kwa hiyo hatuwezi kusema wilaya hii haina wa kulisimamisha jambo bungeni au kwenye baraza la madiwani.

Swali langu kwa halmashauri ni hili, na nimelipeleka pia kwa maandishi: katika bajeti ya dawa ya mwaka huu, mmeagiza morfini kiasi gani, amitriptilini kiasi gani, na ni mtumishi yupi mwenye jukumu la mgonjwa anayetaka kuacha tramadoli? Nikijibiwa nitaweka majibu hapahapa, pamoja na cheo cha aliyejibu na tarehe. Nisipojibiwa nitaweka tarehe tu.